Mazungumzo ya Jioni: Mikono Iliyojenga Miji ya Mawe

Juma lililopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na fukusi, na baadhi yenu mmeniambia njiani kwamba maneno yale yaliwafaa. Leo naomba ruhusa yenu tuiache ghala kidogo, tuingie katika habari za ngome na miji ya kale. Najua atatokea mtu wa kuuliza, "Karani huyu ana nini na ngome? Sisi tuna kahawa ya kuchuma na karo ya kulipa." Swali hilo ni la haki. Lakini nisikilizeni mpaka mwisho, kwani habari hii ilianza nyumbani mwangu kwa jambo lililonitia aibu, na yawezekana jambo lilo hilo limo nyumbani mwenu pia.

UONGO WA MANENO MATATU

Jioni moja nilikuwa nikilitazama daftari la kijana wangu, kama ipasavyo kila mzazi kufanya. Mwalimu alikuwa amewapa kazi ya kuandika habari za babu zao. Kijana wangu alianza hivi: "Babu alikuwa karani."

Baba yangu hakuwa karani hata siku moja. Baba yangu alikuwa mkata mawe. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliamka kabla ya mapambazuko, akaenda machimboni upande wa mto Ndarugu, akakata mawe kwa nyundo na tindo. Siku hizi mawe ya Ndarugu hukatwa kwa msumeno wa mashine, lakini zama zile kila jiwe lilipata pembe zake nne kwa mkono wa mtu. Nyumba nyingi za Nairobi na za hapa kwetu Ruiru zilijengwa kwa mawe ya namna ile. Vidole vya baba vimepinda, na jicho lake la kushoto haliono vyema, kwa kuwa liliingiwa na chembe ya jiwe.

Nilikaza sauti nimkemee kijana, kisha ulimi ukanifia kinywani. Nilikumbuka siku niliyoomba kazi ya serikali. Katika fomu palikuwa na mahali pa kuandika kazi ya baba, nami niliandika "mkulima". Alikuwa na robo ya eka ya sukumawiki, basi nikajiambia kwamba huo si uongo. Lakini nilijua moyoni kwa nini sikuandika "mkata mawe". Mtoto hurithi hata yale asiyoambiwa.

Katika daftari lilo hilo, ukurasa wa pili, kijana alikuwa amechora ngome ya Ulaya: minara mirefu, handaki la maji kuizunguka, na askari waliovaa chuma juu ya farasi. Ilikuwa picha nzuri. Akaniuliza, "Baba, mbona sisi hatukuwa na mambo kama haya zamani?" Basi nikaona kwamba nina maswali mawili katika daftari moja, nami sikuweza kuyajibu nikiwa nimeketi kitini. Niliweka akiba kwa muda wa miezi minane. Likizo ilipofika, mama watoto, kijana, binti yetu mdogo na mimi tukapanda gari la moshi kwenda Mombasa.

NGOME YENYE UMBO LA MTU

Katika safari nilimweleza kijana hivi. Wenye elimu ya historia huita miaka iliyo kati ya mwaka 500 na mwaka 1500 hivi Zama za Kati. Katika zama hizo mabwana wa Ulaya walijenga ngome za mawe zenye kuta ndefu kwenda juu, kwa sababu adui alikuja na ngazi na mishale, na aliye juu humshinda aliye chini. Kisha baruti ikaenea. Ukuta mrefu mwembamba ukipigwa na mzinga huporomoka kama rundo la magunia. Kwa hiyo wajenzi walibadili shauri: wakajenga kuta nene, zilizoinama kidogo, zenye pembe zilizotokeza nje, ili askari aliyesimama katika pembe moja aweze kuona na kulinda ukuta wa pembe ya jirani yake.

Ngome ya Yesu iliyoko Mombasa ni ya namna hiyo ya pili. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, fundi mkuu wa Kiitalia aliyetoka Milan, ambaye alimtumikia Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania, aliyetawala Ureno pia siku zile. Ukiitazama kutoka juu, umbo lake ni kama mtu aliyelala chali, kichwa chake kikielekea baharini. Binti yangu alifurahi sana kujua hivyo, akawa anauliza kila tulipofika, "Sasa tumesimama kwenye mkono au kwenye mguu?"

Naomba mzazi yeyote atakayekwenda asiwaonyeshe watoto mizinga tu. Awaonyeshe pia mahali ambapo mabaharia au askari wa Kireno walichora merikebu ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Watu wale walikuwa mbali na kwao, wakakumbuka vyombo vyao, wakachora kama mtoto achoravyo. Kijana wangu alisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine pote.

Awaambie pia kwamba ngome haikuwa mahali pa michezo. Mwezi wa Machi mwaka 1696 Waarabu wa Oman waliizingira, na hawakuitwaa mpaka mwezi wa Desemba mwaka 1698. Kwa muda wa karibu miaka mitatu watu waliokuwa ndani waliuawa na njaa na maradhi kuliko risasi. Mwaka 1697 ilifika siku ambayo mkuu wa Kireno alikufa, na aliyeshika amri ndani ya ngome alikuwa Mswahili, Bwana Daud wa Faza, pamoja na watu wachache waliosalia. Baadaye, tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958, ngome ilikuwa gereza. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Tulipokuwa tukitoka, kijana alisema jambo ambalo nilikuwa nikilingojea. Alisema, "Lakini baba, hii iliamriwa na Wareno." Nikamjibu, "Ndiyo. Kesho tutakwenda Gede."

MJI ULIOFICHWA NA MSITU

Gede iko karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, umbali wa kilomita 16 hivi kusini ya Malindi. Wengine huandika Gedi. Ukiingia langoni huoni mji. Waona miti mikubwa, na nyani wakichungulia mkoba wako. Kisha polepole macho yazoea kivuli, na kuta zajitokeza kati ya mizizi.

Kiongozi wa wageni alikuwa mzee wa Kigiriama mwenye sauti ya upole. Nilikuwa nimewafundisha watoto kusema "Shikamoo", naye akawaitikia "Marahaba, wanangu", akawashika mikono kama wajukuu wake mwenyewe. Alitueleza kwamba mji huu ulianza yapata miaka mia tisa iliyopita, ukastawi sana katika karne ya 15, na watu wakauacha mwanzoni mwa karne ya 17. Ukuta wa nje, wenye kimo cha karibu mita tatu, ulizunguka eneo la eka 45 hivi. Ndani mlikuwa na msikiti mkuu na misikiti midogo, jumba la mfalme, visima, makaburi na nyumba za matajiri. Kaburi moja limeandikwa mwaka wa Hijra 802, ambao ni mwaka 1399 wa Kizungu. Yaani mwaka ambao Mreno hajawahi kuiona bahari hii. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, miaka 99 baadaye.

Jambo la ajabu ni kwamba Wareno walioishi Malindi hawakuutaja mji huu katika maandiko yao yanayojulikana, ingawa ulikuwa karibu hivyo. Msitu ukaumeza. Sir John Kirk aliutembelea mwaka 1884, na tangu mwaka 1948 mtaalamu James Kirkman aliuchimbua kwa miaka kumi. Nyumba akazipa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Hivyo leo mtoto aweza kutembea kutoka Nyumba ya Mikasi hata Nyumba ya Kauri, akaona Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kichina, na Nyumba ya Ushanga wa Venezia. Majina hayo peke yake ni somo la jiografia. Bakuli lilitoka China, ushanga ulitoka Ulaya, na vyote vilikuja kwa pepo za msimu: kaskazi iliyoleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi iliyovirudisha. Mwaka 2024 UNESCO iliiandika Gede pia katika orodha ya urithi wa dunia.

Watoto hupenda zaidi mambo ya nyumbani. Binti yangu alistaajabu kuona kwamba nyumba za mawe zilikuwa na vyoo vya ndani na mahali pa kutawadhia, na mifereji ya kuondoa maji ya mvua uani. Kijana alipenda chumba cha hazina ambacho hakina mlango: mwenye mali alipanda ngazi, akaingia kwa tundu lililo juu ukutani, kisha ngazi ikaondolewa. Mama watoto alitazama kisima, akasema kwamba wanawake wa mji huu walikuwa na bahati ya kutokwenda mtoni.

Wala Gede haikuwa peke yake. Pwani yote kutoka Mogadishu hata Sofala ilikuwa na miji ya namna hii. Msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaandika kwamba misikiti ya Mombasa ilijengwa kwa mbao kwa ustadi, na kwamba watu waliosha miguu kabla ya kuingia. Kule Kilwa, katika nchi ya Tanzania, yako magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililokuwa na vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea lenye pembe nane. Neno "husuni" maana yake ni ngome. Basi kijana wangu alipata jibu la swali lake la kwanza: tulikuwa nazo.

KAZI ILIYOMO NDANI YA UKUTA

Hapo ndipo yule mzee alipofanya jambo nisilolitarajia. Alimwambia kijana aweke kiganja ukutani, akamwuliza, "Mwanangu, ukuta huu umetengenezwa na nini?" Kijana akajibu, "Mawe." Mzee akasema, "Hilo ni jibu la mpita njia. Sasa sikiliza jibu la fundi."

Akaeleza, nami niliandika katika kijitabu changu. Mawe ya ukuta ni matumbawe ya kale, yaani miamba iliyofanywa na wadudu wa bahari maelfu ya miaka iliyopita, ikabaki nchi kavu. Hayo huchimbwa kwa mtaimbo, nayo ni magumu na yenye mashimo. Lakini kwa vizingiti vya milango na kwa kibla cha msikiti, mafundi walikata matumbawe yaliyo hai chini ya bahari. Hayo yakiwa mabichi ni laini, huchongwa kwa chombo cha mkono, yakatiwa nakshi. Yakikauka kwa upepo na jua huwa magumu. Kwa hiyo mchongaji hana ruhusa ya kuchelewa. Jiwe lake lina saa zake, kama unga uliokandwa.

Halafu chokaa. Mafundi walipanga magogo duara, safu juu ya safu, wakaweka vipande vya matumbawe juu yake, wakawasha moto. Moto ule huligeuza jiwe kuwa chokaa. Chokaa hiyo hutiwa maji au huachwa inyeshewe na mvua mpaka ipoe, kisha huchanganywa na mchanga, ndipo yafaa kujengea na kupaka. Mwenye haraka hujenga kwa chokaa ambayo haijaiva, na ukuta wake humshtaki baadaye.

Na dari? Hapa kijana alipewa kazi ya kupima chumba kwa hatua. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita mbili na nusu. Sababu yake ni boriti. Boriti ni mti wa mkoko, na urefu wake unaofaa kubeba dari nzito ni kama huo. Juu ya boriti huwekwa mawe bapa, juu ya mawe chokaa na kokoto, kisha watu hupiga kwa vipande vya miti siku nyingi mpaka ikazike. Kule Lamu na Unguja kazi hiyo ilifanywa kwa nyimbo, mkono mmoja ukifuata sauti ya mwingine. Hivyo tajiri, hata awe na dhahabu kiasi gani, chumba chake hakikuweza kupita urefu wa mti. Mti ndio uliotoa amri, na fundi ndiye aliyeijua.

Mzee aliendelea: Kuna vyombo vya baharini vilivyoitwa mitepe, ambavyo mbao zake hazikupigwa misumari bali zilishonwa kwa kamba, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Kamba ile ilitoka katika makumbi ya nazi. Wanawake waliyafukia makumbi katika mchanga wenye maji kwa miezi mingi mpaka yaoze nyama yake, wakayaponda, wakasokota nyuzi kwa viganja. Kule Kilwa wachimbaji wameokota vigae vya duara vilivyotobolewa katikati, ambavyo vilikuwa vizito vya kusokotea uzi wa pamba. Yaani merikebu haikuondoka, wala tajiri hakuvaa, mpaka mama fulani aliyeketi kivulini amalize kusokota.

Kisha akatuongoza hatua chache mpaka mahali penye uwazi, majani tu na vichaka. Akamwuliza kijana, "Hapa waona nini?" Kijana akajibu, "Hapana kitu." Mzee akasema, "Hapa palikuwa na nyumba. Palikuwa na nyumba nyingi kuliko zile za mawe, za fito na udongo, zimeezekwa makuti. Watu wengi wa mji huu waliishi ndani yake. Za matajiri zimebaki kwa kuwa ni za mawe. Hizi zimerudi kuwa udongo. Sasa niambie, mwanangu, aliyekata mawe ya jumba la mfalme alilala wapi?"

Kijana hakujibu. Nami sikujibu. Niliikumbuka nyumba niliyozaliwa, hapa hapa Gitothua: fito, udongo, na bati lililovuja. Baba alikuwa akirudi jioni, nywele zake nyeupe kwa vumbi la mawe aliyowakatia watu wengine, akainama kuingia katika mlango wa nyumba ya udongo. Nyumba ile haipo tena. Ukipita pale leo hutaona kitu.

Kijana alirudi ukutani peke yake. Alipita na kidole juu ya kizingiti cha mlango mmoja, akaniita kwa sauti ndogo: "Baba, tazama, hapa chombo kiligonga mara mbili. Guka huwa anatuonyesha alama kama hii kwenye ngazi ya nyumba yetu."

MKATA MAWE NA MJUKUU WAKE

Tuliporudi nyumbani, kijana alikwenda moja kwa moja kwa babu yake, ambaye kwetu twamwita Guka, akamweleza habari za jiwe laini lililokatwa baharini. Mzee alikataa katakata. "Jiwe laini kama muhogo? Hao walikudanganya kwa kuwa wewe ni mtoto wa bara." Wakabishana kwa furaha muda mrefu. Kisha Guka akatuma tindo yake iletwe, ile ambayo ilikuwa imelala chini ya kitanda, imevaa kutu. Akaokota vipande viwili vya jiwe, akavigonga kimoja kimoja, akamwambia kijana afumbe macho asikilize. Jiwe zima hulia kama kengele ndogo, na jiwe lenye ufa hulia kama mtungi uliopasuka. "Kabla ya kukata, sikiliza," alisema. "Ukikata jiwe lenye ufa, umepoteza siku nzima, na mwenye nyumba halipi siku iliyopotea." Nimeishi na baba yangu miaka yote hii, na sikupata kuambiwa neno hilo, kwa sababu sikupata kuuliza.

Jioni ile nilimkiri baba habari ya daftari na habari ya fomu. Nilikuwa na hofu kwamba atahuzunika. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Hata mimi niliwaambia watu kwamba mwanangu ni karani. Sikuwaambia kwamba hajui kushika nyundo." Lakini alipokwisha kucheka aliniomba nimsomee daftari lile, na niliposoma maneno yale matatu, aliutazama moto wala hakucheka tena. Hapo nilijua kwamba jambo hili halikuwa dogo.

MASHAURI KWA WAZAZI

Sasa nataka kuwapa wasomaji mashauri machache, kwa kuwa si kila mtu aweza kupata nauli ya kwenda pwani, nami najua bei ya mbolea.

Kwanza, waliokaribu na vitu vya kale wavitembelee. Pwani kuna Gede, Ngome ya Yesu, na mji wa Lamu ulioandikwa na UNESCO mwaka 2001, ambao watu wangali wakiishi ndani yake. Na msidhani ni pwani tu. Katika kaunti ya Migori kuna Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyopangwa pasipo chokaa wala udongo wa kushikisha, nayo yamesimama kwa karne nyingi, kuta nyingine zikipita kimo cha mita nne. UNESCO iliyaandika mwaka 2018. Mkulima akiona kazi ile ataelewa kwamba elimu ya kupanga mawe haikuja na merikebu.

Pili, mkifika huko, msiwaulize watoto, "Mfalme alikuwa nani?" tu. Waulizeni, "Nani alikata? Nani alichoma? Nani alisokota? Alilala wapi?" Mtoto aulizwaye hivyo ataona watu mahali ambapo wengine huona magofu.

Tatu, ufundi mwaweza kuujaribu uani. Sisi tulichukua mbao mbili fupi, tukazitoboa kando kando, tukazishona kwa kamba ya katani kama mtepe. Mara ya kwanza zililegea, mara ya pili pia. Mara ya tatu tuliziweka katika beseni la maji, na zikavuja kidogo tu. Tulipima kwa kamba chumba cha upana wa mita mbili na nusu, tukajaribu kupanga vitanda vyetu ndani yake. Bibi yao aliwafundisha kusokota uzi wa kiondo juu ya paja, na binti yangu akagundua kwamba jambo lililoonekana rahisi lilimchubua ngozi. Lakini nawaonya: msichome chokaa wala msiwape watoto chokaa mbichi, kwani huunguza macho na mikono.

Kule Guédelon, katika nchi ya Ufaransa, tangu mwaka 1997 watu wanajenga ngome kwa njia za karne ya 13: mawe yachongwa kwa mkono, mbao zapasuliwa kwa shoka, kamba zasokotwa papo hapo, na jamaa na watoto wao huja kutazama. Mashine wanazo tele. Wamechagua kujifunza upya yale ambayo mafundi wao wa kale walikwenda nayo kaburini, na wanalipa gharama kubwa kwa elimu hiyo. Sisi mafundi wetu wengine wangali hai. Wameketi juani mbele ya nyumba zetu, wakingoja mtu awaulize. Kila mwaka hupungua.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Zamani nilidhani methali hiyo yahusu ngoma na mavazi. Sasa naona kwamba yahusu pia kazi iliyotulisha na kutusomesha.

Kijana wangu amepiga mstari juu ya maneno yale matatu, akaandika mengine, na mwalimu amempa alama nzuri, ingawa alimkata mbili kwa ajili ya tahajia. Lakini fomu yangu imo katika faili tangu miaka mingi, nami sina uwezo wa kuirudisha. Basi nimeona niandike hapa gazetini, mahali ambapo watu wengi watasoma: baba yangu alikuwa mkata mawe wa Gitothua.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye mahindi.